Mwezi Si Ngao: Tuipigie Hesabu Hoja Inayopendwa na Wengi

Kuna picha inayozunguka sana kwenye simu za watu. Kushoto ni Mwezi tunaoujua, ule wenye madoa meusi. Kulia ni upande wa pili wa Mwezi, ule usioonekana kutoka duniani, umejaa mashimo kama uso wenye makovu ya ndui. Chini yake kuna maneno ya namna hii: tazama jinsi Mwezi unavyopokea mapigo kwa niaba yetu, bila huo vimondo vingeshatumaliza.

Ni hoja tamu. Ina picha, ina shujaa, na inaeleweka ndani ya sekunde kumi. Nimeisikia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nimeisikia kwa mwalimu wa sekondari akiwaeleza vijana wake, na nimeikuta kwenye maswali ya chemshabongo ambapo jibu "sahihi" lilikuwa hilohilo. Ndiyo maana nimeona tusiipite hivihivi. Leo tunaihakiki: tunaichukua kama ilivyo, tunaitenganisha vipande, tunaangalia kila kipande kama kinasimama.

Niseme mapema ninakoelekea ili usije ukasema nimekuzungusha. Mwezi hautukingi na vimondo kwa kiasi chochote chenye maana. Na ile picha inayotumika kama ushahidi inaeleza jambo jingine kabisa, ambalo kwa maoni yangu ni zuri kuliko hadithi ya ngao. Sina ugomvi na mtu anayemshukuru Mungu kwa kuumba Mwezi. Ugomvi wangu ni na hesabu.

Hoja yenyewe inasemaje?

Ukiwasikiliza vizuri wanaoitetea, utakuta ndani yake mna madai matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza: Mwezi unasimama njiani, kwa hiyo mawe yanayokuja duniani yanaugonga huo kwanza. La pili: hata yasipougonga, nguvu yake ya uvutano inayapindisha yatukose. La tatu: ushahidi ni mashimo yale ya upande wa pili, kwamba upande unaotazama nje umepigwa na upande unaotutazama sisi umesalimika.

Ni vizuri kuyatenganisha, kwa sababu mtu ukimbana kwenye dai moja hukimbilia jingine. Twende moja moja.

Mpira na chungwa

Kipenyo cha Dunia ni kilomita 12,742 hivi. Cha Mwezi ni kilomita 3,474. Umbali kati yao, kwa wastani, ni kilomita 384,400. Michoro ya vitabuni huvisogeza vitu hivi viwili karibu ili vienee kwenye ukurasa, na hapo ndipo akili zetu zinapoanza kudanganyika.

Hebu tuvipange kwa vipimo vya kweli. Chukua mpira wa miguu, kipenyo sentimita 22. Hiyo ndiyo Dunia. Kwa kipimo hicho Mwezi ni chungwa dogo la sentimita 6. Unaliweka wapi? Nenda kwenye goli lolote la uwanja wa kawaida. Uweke mpira chini ya mlingoti mmoja, kisha tembea mita 6 na nusu kuelekea mlingoti wa pili. Goli lina upana wa mita 7.32, kwa hiyo umebakiza hatua moja tu kuufikia. Weka chungwa lako hapo. Huo ndio umbali halisi kati ya Dunia na Mwezi.

Sasa waite watoto wa mtaa mzima waurushie ule mpira changarawe kutoka pande zote: mbele, nyuma, kushoto, kulia, wengine wawe juu ya mti. Chungwa lile kule kwenye mlingoti wa pili litazuia changarawe ngapi? Huhitaji shahada kujibu. Karibu hakuna.

Lakini tusiishie kwenye "karibu hakuna". Tupate namba. Fikiria duara kubwa la anga, kama ganda la yai lililoizunguka Dunia kwa umbali wa Mwezi. Kila jiwe linalokuja duniani lazima litoboe ganda hilo mahali fulani. Mwezi umeziba sehemu gani ya ganda? Unachukua eneo la sahani ya Mwezi unaligawanya kwa eneo la ganda zima. Pai zinakatana, unabaki na nusu kipenyo cha Mwezi gawanya kwa umbali, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha gawanya kwa 4. Kwa namba: 1,737 gawanya kwa 384,400, kipeo cha pili, gawanya kwa 4. Fungua kikokotoo cha simu yako ujaribu. Jibu ni 0.0000051 hivi, yaani moja kati ya 196,000.

Katika kila mawe 200,000 yanayokuja duniani, Mwezi unazuia moja. Kipa anayepangua shuti moja katika kila 200,000 hata timu ya mchangani haimsajili.

Msomaji makini atasema: subiri, mawe hayatoki pande zote sawasawa. Kweli. Mengi hutoka karibu na bapa ambamo sayari huzunguka Jua, na Mwezi nao uko karibu na bapa hilo. Kwa hiyo namba halisi inaweza kupanda kidogo. Sawa, iongeze mara tano kwa ukarimu: moja kati ya 40,000. Hadithi haijabadilika.

Ukitaka kuiona kwa macho badala ya hesabu, kumbuka kupatwa kwa Jua kwa kipete tarehe 1 Septemba 2016, watu walipofurika Rujewa, Mbarali. Kwa nini Rujewa na si Dar es Salaam, ambako Jua lilimegwa kipande tu? Kwa sababu ukanda ambao kipete kilionekana ulikuwa na upana wa kama kilomita 100, na Rujewa ilikuwa ndani yake. Mwezi ukisimama mbele ya Jua, hivyo ndivyo unavyoweza kuziba: ukanda mwembamba, kwa dakika chache, kisha miezi inapita kabla haujafanya tena hivyo mahali kwingine duniani. Mwavuli wa namna hiyo hautakukinga na mvua, na vimondo ni hivyohivyo.

Mapigo yale hayakuwa yetu

Hapa ndipo hoja ya ngao inapofanya kosa ambalo nadhani ni kubwa kuliko yote. Inachukulia kwamba kila jiwe lililougonga Mwezi lilikuwa linakuja kwetu. Kumbe sivyo.

Simama mwezini utazame Dunia. Inaonekana kubwa, upana wake angani ni kama mara nne ya jinsi sisi tunavyouona Mwezi. Hata hivyo ni digrii 2 tu hivi za anga. Ili jiwe lililougonga Mwezi liwe kweli lilikuwa safarini kuja duniani, ni lazima njia yake, kama ingeendelea, ingepita ndani ya hizo digrii 2. Ukirudia hesabu yetu ya ganda la yai, safari hii kwa nusu kipenyo cha Dunia, utapata takriban moja kati ya 15,000. Yaani katika mawe 15,000 yanayotua mwezini, moja ndilo lililokuwa na anwani ya duniani. Yaliyobaki yalikuwa yanakwenda zake.

Tuna data ya kuitumia hapa. Chombo cha Marekani kinachoitwa Lunar Reconnaissance Orbiter kimekuwa kikiuzunguka Mwezi tangu 2009. Mwaka 2016 watafiti walilinganisha picha za mahali palepale zilizopigwa nyakati tofauti, wakakuta kreta mpya 222 ambazo hazikuwepo mwanzoni. Mapigo 222! Kwa mwenye hadithi ya ngao, hayo ni mapigo 222 tuliyoepushwa. Kwa hesabu yetu, uwezekano kwamba hata moja kati ya hayo lilikuwa linakuja kwetu ni kama asilimia 1 na nusu. Na lingekuja, jiwe la ukubwa ule lingeishia kuwaka angani, watu wangepiga picha wakalala.

Kuna na jambo lingine. Dunia ni kubwa kuliko Mwezi, eneo la sahani yake ni zaidi ya mara 13 ya Mwezi. Juu ya hapo, uvutano wake unavuta ndani hata mawe ambayo yangepita pembeni. Ukijumlisha yote mawili kwa jiwe lenye mwendo wa kilomita 20 kwa sekunde, Dunia inapigwa kama mara 17 kwa kila pigo moja la Mwezi. Sijawahi kuona mlinzi anayeguswa mara moja wakati bosi wake anapigwa mara kumi na saba.

Vipi kuhusu uvutano?

Hili ni dai la pili, na linatolewa na watu waliosoma kidogo, kwa hiyo linastahili jibu la heshima. Ni kweli Mwezi una uvutano. Ndio unaofanya maji kujaa na kupwa, na ukiwa Pwani wakati wa bamvua huwezi kuubishia. Basi si unaweza kuyapindisha mawe?

Unaweza, kidogo. Jiwe linalopita kwa kilomita 20 kwa sekunde, likapita karibu kabisa na uso wa Mwezi kiasi cha kuukwaruza, linapindishwa chini ya digrii moja. Likipita mbali zaidi, linapindishwa kidogo zaidi ya hapo. Mwezi una uzito wa 1/81 tu ya Dunia na mawe yana mbio sana. Halipatikani fungu la muda la kuyavuta.

Lakini hata tungeupa Mwezi nguvu zaidi, kuna tatizo la mantiki. Uvutano hauna nia. Haujui jiwe gani linakuja Dar es Salaam na lipi linapita. Kupindishwa kidogo kunaweza kulifanya jiwe lililokuwa linakuja litukose, na kunaweza kulifanya jiwe lililokuwa linatukosa lije. Ukiwa na mawe mengi yanayotoka huku na huko, hizo mbili zinafutana. Anayetaja yale tu yaliyopinduliwa yakaenda nje anahesabu magoli ya timu yake peke yake.

Picha inasema nini hasa

Turudi kwenye ile picha, maana ndiyo inayowashawishi watu. Tofauti ya pande mbili za Mwezi ni ya kweli na ilishangaza dunia. Chombo cha Kisovieti, Luna 3, kilipopiga picha za kwanza za upande wa pili Oktoba 1959, wanasayansi walitegemea kuona Mwezi uleule. Wakakuta karibu hakuna madoa meusi. Upande wetu madoa hayo yamefunika karibu theluthi moja ya uso. Upande wa pili ni asilimia 2 hivi.

Sasa madoa meusi ni nini? Ni lava iliyoganda, mwamba wa basalti. Miaka zaidi ya bilioni 3 iliyopita lava ilibubujika kutoka ndani ya Mwezi, ikajaza mabonde makubwa na kufunika kreta zilizokuwemo. Na mabonde yenyewe yalichimbwa na nini? Na mawe makubwa yaliyougonga Mwezi, upande huu huu unaodaiwa kusalimika. Bonde la Imbrium, lile doa kubwa la duara, lina upana wa zaidi ya kilomita 1,100. Hilo ni kovu la pigo kubwa ajabu, na limetukodolea macho kila mwezi mpevu.

Kwa hiyo upande wetu ulipigwa, kisha ukapakwa lipu. Upande wa pili ulipigwa, lipu ikakosekana. Kwa nini ikakosekana? Sehemu ya jibu ni kwamba gamba la Mwezi upande ule ni nene zaidi, jambo ambalo vyombo pacha vya GRAIL vilipima kwa uangalifu mwaka 2012, na lava ilipata shida kupenya. Sababu iliyofanya gamba lenyewe liwe nene upande mmoja bado watu wanaijadili, lakini hakuna kati ya maelezo hayo linalohitaji Mwezi kuwa mlinzi wetu. Angalia nyanda za juu za upande unaotutazama, zile sehemu nyeupe ambazo lava haikuzifikia. Zimejaa kreta vilevile.

Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, subiri mwezi mpevu, chukua darubini hata ile ndogo ya mkononi, tazama sehemu ya kusini ya Mwezi. Utaona kreta yenye miali mirefu myeupe imetawanyika pande zote kama chokaa iliyomwagika. Hiyo inaitwa Tycho. Upana wake ni kilomita 85, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 108. Ni pigo la juzi kwa saa za Mwezi, na liko upande wetu. Kama Dunia na Mwezi wangekuwa wamesimama mgongo kwa mgongo wakilindana, hilo jiwe lilipitia wapi?

Ipo tofauti ya kweli ya mapigo kati ya pande za Mwezi, ila si hiyo. Uso unaotangulia katika safari ya Mwezi kuizunguka Dunia hupata kreta changa nyingi zaidi kuliko uso unaofuata nyuma. Ni kama basi kwenye mvua: kioo cha mbele kinalowa kuliko cha nyuma. Kutazama duniani au kutazama nje hakuhusiki sana.

Makovu ya huku chini

Njia rahisi ya kupima mlinzi ni kuangalia nyumba anayoilinda. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe la kilomita 10 hivi liliipiga Dunia mahali panapoitwa Chicxulub, Mexico, likaacha shimo la kilomita zaidi ya 150 na kumaliza enzi ya dinosaria. Vredefort, Afrika Kusini, kuna masalia ya kreta kubwa zaidi ya hiyo, yenye miaka bilioni 2. Mwezi ulikuwepo mara zote mbili.

Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Mbozi, mkoani Songwe, kuna kipande cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi kinachokadiriwa kufikia tani 16. Asilimia 90 ni chuma, karibu 9 ni nikeli. Watoto wa shule hupelekwa kukiona na kupiga picha juu yake. Kile kilikuwa sehemu ya kitu kilichokuwa kinazunguka Jua, na kilifika salama bila Mwezi kukiuliza kitambulisho.

Sasa mtu atauliza: mbona Dunia ina kreta 200 tu hivi zilizothibitishwa na Mwezi una kreta zisizohesabika? Swali zuri, na ndilo linaloipa hoja ya ngao nguvu. Jibu ni kwamba Dunia inafuta ubao. Asilimia 71 ya uso wake ni maji. Mvua inamomonyoa, mito inajaza matope, mabamba ya gamba yanasukumana na mengine kuzama chini. Mwezi hauna mvua, hauna mito, hauna hewa ya maana. Kinachoandikwa pale kinabaki. Wingi wa kreta mwezini unatuambia Mwezi hausahau. Idadi ya mapigo ni suala jingine.

Na kama unatafuta ngao ya kweli, inua mkono uipunge. Umeigusa. Angahewa hupokea makumi ya tani za vumbi na vijiwe kila siku, karibu vyote vikaishia juu kama "nyota inayoanguka". Tazama Zuhura, sayari inayokaribiana na Dunia kwa ukubwa na isiyo na mwezi hata mmoja. Chombo cha Magellan kilipoipiga picha kwa rada miaka ya 1990, kreta ndogo ndogo zilikosekana kabisa. Hewa nzito ya Zuhura inavunja mawe madogo kabla hayajatua. Hakuna mwezi, na ngao ipo.

Hoja hii ilitoka wapi?

Nadhani ni mchanganyiko wa hoja mbili za watu makini. Moja inahusu Mshtarii, au Jupita kama wengi mnavyoiita. Miaka ya 1990 George Wetherill alionyesha kwamba sayari hiyo kubwa hurusha nje nyotamkia nyingi ambazo vinginevyo zingetujia, na Julai 1994 dunia nzima ikatazama vipande vya nyotamkia Shoemaker-Levy 9 vikiigonga. Nyingine inahusu Mwezi kweli: mwaka 1993 Jacques Laskar na wenzake walionyesha kwamba Mwezi unasaidia kutuliza mhimili wa Dunia, ule ulioinama kwa digrii 23.4, usiyumbe ovyo. Mwaka 2000 Peter Ward na Donald Brownlee wakaziweka zote mbili kwenye kitabu chao Rare Earth kama sababu za sayari yetu kuwa adimu.

Msomaji wa haraka anabaki na kumbukumbu mbili: "Mshtarii ni ngao" na "Mwezi unatulinda". Baada ya mikono kumi ya kusimuliana zinakuwa moja.

Kinachovutia ni kwamba hata ile ya Mshtarii haikusalimika. Jonathan Horner na Barrie Jones, kuanzia 2008, waliiga mfumo wa Jua kwenye kompyuta mara nyingi wakiibadilisha Mshtarii uzito, wakakuta picha yenye utata: kwa aina fulani za mawe, sayari hiyo ndiyo inayotuletea. Mfano uko kwenye historia. Nyotamkia Lexell ilipita karibu sana na Dunia mwaka 1770 kwa sababu Mshtarii iliivuta ndani miaka michache kabla, kisha mwaka 1779 ikaitupa mbali. Mlinzi na mwizi mtu mmoja.

Mwezi nao haukosi lawama ndogo ya aina hiyo. Ukipigwa pigo kubwa, vipande vyake huruka na vingine hutufikia. Kimondo cha kwanza kutambuliwa kuwa kimetoka mwezini kiliokotwa Antaktika mwaka 1982, na tangu hapo vimepatikana vingi, vikiwemo vya jangwa la Oman. Ngao inayokumwagia vigae vyake kila ikigongwa si ngao ya kujivunia.

"Lakini kwa miaka bilioni 4.5 si hata moja?"

Hili ndilo pingamizi la mwisho ninalolisikia, kwamba muda mrefu hufanya kidogo kuwa kingi. Tulipe haki yake. Kwa makadirio ya kawaida, jiwe la ukubwa wa Chicxulub huja mara moja kila miaka milioni 100 hivi. Katika umri wote wa Dunia hayo ni kama 45. Zidisha kwa moja ya 196,000. Uwezekano kwamba Mwezi uliwahi kuzuia hata moja ni kama 1 kati ya 4,000.

Zamani sana mawe yalikuwa mengi zaidi na Mwezi ulikuwa karibu zaidi. Hata leo unasogea mbali kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Basi tuusogeze karibu mara kumi, kilomita 38,000 tu kutoka hapa, ukitanda angani kama sinia. Bado ungezuia jiwe moja kati ya 2,000.

Kwa nini inanikera

Unaweza kusema, basi, ni hadithi tu, inamdhuru nani? Nina majibu mawili.

La kwanza ni la darasani. Mwanafunzi aliyeambiwa "upande ule una mashimo kwa sababu unatukinga" amefungiwa mlango. Hatauliza kuhusu lava, gamba nene, wala kwa nini Dunia inasahau na Mwezi unakumbuka. Amepewa sababu inayotuhusu sisi, akaridhika. Na pale ndipo palipo na mali: umri wa nyuso za sayari nyingine, hata Mirihi, tunaukadiria kwa kuhesabu kreta, na kipimo chake kilisawazishwa kwa mawe yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo. Mwezi ni daftari letu la mapigo. Anayeuita ngao anafunikia chungu kwa kurasa hizo.

La pili ni la usalama. Mwenye kuamini ana mlinzi halali macho wazi. Tarehe 15 Februari 2013, jiwe la mita 20 hivi lilipasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, vioo vikavunjika na watu wapatao 1,500 wakaumia. Lilitokea upande wa Jua, hakuna aliyeliona likija. Desemba 2024 darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Chile ikagundua asteroidi 2024 YR4, na kufika Februari 2025 uwezekano wa kutugonga Desemba 2032 ulikuwa umefika asilimia 3. Kisha ukashuka hadi karibu na sifuri, na makadirio ya kuupiga Mwezi yakapanda hadi karibu asilimia 4. Ni rahisi kusoma habari hiyo ukasema "Mwezi umetuokoa". Hapana. Hatari yetu ilishuka kwa sababu watu waliendelea kupima njia ya jiwe hadi wakajua linapita pembeni. Mwezi haukufanya lolote.

Kinachotulinda ni kazi. Ni darubini kama zile za ATLAS, ambazo moja iko Sutherland, Afrika Kusini. Ni chombo cha DART, ambacho tarehe 26 Septemba 2022 kiliugonga mwezi mdogo wa asteroidi, Dimorphos, na kufupisha mzunguko wake kwa zaidi ya dakika 30. Hiyo ndiyo mara ya kwanza binadamu kubadilisha njia ya jiwe la angani kwa makusudi.

Na si kazi ya mataifa makubwa peke yao. Oktoba 2008 darubini ya Arizona iliona jiwe la mita 4 likija, saa kama 20 kabla halijafika. Lilipewa jina 2008 TC3, likapasuka juu ya jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jiwe kugunduliwa angani kabla ya kutua. Nani alikwenda kuliokota? Desemba ile, Dk. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum pamoja na mtafiti Peter Jenniskens walijipanga jangwani na makumi ya wanafunzi, mstari mmoja mrefu, wakitembea taratibu macho chini. Vipande walivyookota huko, na vingine vilivyofuata katika safari za baadaye, leo viko kwenye maabara za dunia kwa jina la kituo kidogo cha reli kilicho jirani: Almahata Sitta, Kituo cha Sita.

Kwa hiyo ukiletewa tena ile picha, usimcheke aliyeituma. Mpe mpira, mpe chungwa, mwonyeshe goli.